Waliokula Mshahara wa Adui

Abraha Deboch alikuwa na kazi kama yangu. Alikaa kati ya watu wawili wasioelewana, akachukua maneno ya huyu akampa yule, na mwisho wa mwezi akapokea mshahara wake. Tofauti yetu ni waajiri. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili kwenye mikutano ya Umoja wa Afrika hapa Addis Ababa. Yeye, katika mji huuhuu, alikalimani katika ofisi ya siasa ya Waitaliano walioikalia Ethiopia kwa mabavu. Ijumaa ya tarehe 19 Februari 1937, kabla ya adhuhuri, Abraha na rafiki yake Moges Asgedom, wote wawili vijana wa Eritrea, waliingia kwenye viwanja vya kasri la Genete Leul na kumrushia mabomu ya mkono Rodolfo Graziani, gavana mkuu wa Mussolini.

Siku hiyo Graziani alikuwa amekusudia kuonekana mkarimu. Mtoto wa kiume alikuwa amezaliwa katika nyumba ya kifalme ya Italia, na maskini wa Addis Ababa waliitwa kasrini wakagawiwe sadaka kwa furaha hiyo. Walikuja kwa wingi, vipofu na viwete wakiwamo, na pamoja nao makasisi na wakubwa waliokwisha kusalimu amri. Mabomu yalipolipuka Graziani alijeruhiwa vibaya lakini hakufa. Jenerali Aurelio Liotta wa jeshi la anga alipoteza mguu, na Askofu Mkuu Qerillos naye akaumia. Katika ghasia zile vijana wawili walichomoka, wakaingia katika gari la Simeon Adefris, rafiki yao mwenye teksi, akawatoa mjini. Simeon alirudi Addis Ababa. Alikamatwa, akateswa hadi kufa.

Kasri lile leo ni Chuo Kikuu cha Addis Ababa, pale Sidist Kilo, na nje ya lango umesimama mnara wa kumbukumbu ulioletwa kwa msaada wa Tito wa Yugoslavia. Wanafunzi hupanga hapo foleni ya daladala, ambazo huku ni gari ndogo za buluu na nyeupe.  

Mashuleni kwetu tulifundishwa upinzani kwa sura ya Mkwawa: mwanamume, bunduki, boma, na mwisho kufa kuliko kukamatwa. Ethiopia inao wanaume wa namna hiyo kwa wingi, na milima ya kuwatosha, nao hawahitaji wakili. Ninayetaka kumsemea ni karani. Ninataka kumsemea pia mpishi, mtunza stoo, mama wa kilabu cha pombe ya asali, na mkalimani aliyeshinda ofisini akijibu “ndiyo bwana” huku risasi za bwana huyo zikipungua sandukuni. Bila watu hawa, wale wa milimani wasingefika mwaka wa pili, seuze wa tano.

Lakini kwanza jinsi mambo yalivyofika hapo. Waitaliano walivuka mto Mareb kutoka Eritrea tarehe 3 Oktoba 1935, bila kutangaza vita. Walikuwa na deni la kulipiza, kipigo cha Adwa cha mwaka 1896. Jenerali wa kwanza, Emilio De Bono, alionekana mzito, akabadilishwa na Pietro Badoglio, na kuanzia Desemba ndege zikamwaga gesi ya haradali juu ya majeshi ambayo askari wake wengi walikwenda peku wakiwa wamejifunika shuka za pamba. Gesi hiyo ilikuwa imepigwa marufuku na Itifaki ya Geneva ya mwaka 1925, na Italia ilikuwa imeikubali. Tarehe 31 Machi 1936 jeshi la Mfalme Haile Selassie lilivunjwa Maychew. Tarehe 2 Mei mfalme alipanda treni ya Djibouti, na tarehe 5 Badoglio akaingia Addis Ababa. Mwisho wa Juni mfalme alisimama mbele ya Shirikisho la Mataifa kule Geneva akasema yaliyosikika dunia nzima na kutendwa na wachache, kisha akaenda kuishi katika mji wa Bath, Uingereza.

Kuondoka kwake kuliwagawa watu wakati ule na kunawagawa mpaka leo. Jaribu kulianzisha jambo hilo mezani wakati wa kahawa uone. Wapo waliomwambia wazi kwamba mfalme wa Ethiopia hakimbii. Mmoja wao alikuwa Takele Wolde Hawariat, ambaye hakumsamehe kamwe. Mimi nadhani mfalme aliyekufa Maychew angekuwa wimbo mzuri, na mfalme aliyekuwa hai Bath alikuwa na manufaa zaidi. Lakini mimi si Mhabeshi, na maoni yangu hayana gharama.

Wakati mfalme yuko baharini, Waitaliano walikuwa na miji na barabara, basi. Magharibi, mjini Gore, Ras Imru, mmoja wa wakubwa wa mfalme, aliendelea kushika jina la serikali. Kule Nekemte vijana waliotoka chuo cha kijeshi cha Holeta, pamoja na wasomi wachache, waliunda kundi la Simba Weusi chini ya daktari wa mifugo, Alemework Beyene. Hawa waliandika katiba yao kabla ya kupigana. Waliweka wanasiasa juu ya wanajeshi, wakakataza kumdhuru mkulima, na wakajifunga kutokimbilia ng'ambo. Juni 1936 ndege za Kiitaliano zilitua Bonaya, karibu na Nekemte, zikiwa na wakubwa waliodhani wanakuja kupokea utii wa wenyeji. Simba Weusi waliwavamia usiku, wakawaua, akiwamo Vincenzo Magliocco wa jeshi la anga, na kuzichoma ndege. Kufikia Desemba Ras Imru alikuwa amezingirwa na kujisalimisha. Alifungwa katika kisiwa cha Ponza, kisiwa kilekile alikoletwa Mussolini kifungoni mwaka 1943.

Mwezi Julai 1936, mvua zikiwa zimekolea na barabara ni tope, wapiganaji wa jimbo la Shewa walijaribu kuurudisha mji mkuu. Walitoka pande mbalimbali, hawakuwa na redio, wakafika kwa nyakati tofauti na kupigwa kundi baada ya kundi. Abuna Petros, askofu aliyekuwa nao, alitakiwa atangaze kwamba wapiganaji ni majambazi. Alikataa, akapigwa risasi hadharani. Sanamu yake imekuwa ikisimama katikati ya mji, na watu wanaotoka soko la Merkato huonyeshana njia kwayo.

Kwa hiyo Februari 1937 Waitaliano waliamini kwamba kazi imekwisha. Ras Desta Damtew, mkwe wa mfalme, ndiye aliyebaki akipigana kusini, naye alikamatwa na kuuawa siku chache tu baada ya mabomu ya Genete Leul. Ni mabomu yale yaliyogeuza kila kitu, na si kwa sababu yalimpata mlengwa.

Mchana uleule Guido Cortese, mkuu wa chama cha Kifashisti mjini, aliwaachia watu wake mji kwa siku tatu. Waliotoka mitaani hawakuwa askari peke yao. Walikuwamo Mashati Meusi, wale wanamgambo wa Kifashisti, pamoja na madereva wa malori, vibarua wa barabara na raia wa Kiitaliano wenye marungu na madebe ya petroli. Nyumba za nyasi zilimwagiwa mafuta na kuchomwa watu wakiwa ndani. Kanisa kuu la Mtakatifu George lilitiwa moto. Ethiopia inahesabu waliouawa kuwa 30,000. Mtafiti Ian Campbell, aliyelichunguza suala hili kwa miaka mingi, anakadiria kama 19,000. Waliosoma walitafutwa kwa majina: vijana wa Holeta, waliorudi kutoka vyuo vya Ulaya, na watoto wa Hakim Workneh, tabibu aliyekuwa balozi London. Wengine walifungiwa katika gereza la Alem Bekagn, jengo lililoendelea kutumiwa na kila utawala uliofuata hadi lilipobomolewa. Juu ya kiwanja chake ndipo yalipojengwa makao mapya ya Umoja wa Afrika, yaliyofunguliwa Januari 2012. Kibanda changu cha ukalimani kiko hapo.

Kisha Graziani akafanya jambo ambalo msomaji wa Pwani atalielewa haraka kuliko Mzungu. Aliwageukia malenga. Katika Ethiopia ya wakati ule watu waliozunguka vijijini wakiimba na zeze la uzi mmoja, pamoja na wapiga ramli na watawa wapweke, ndio waliokuwa gazeti la nchi. Waliimba kwamba Mtaliano ataondoka, wakabashiri na lini. Graziani aliamuru wakamatwe na wauawe, akawa anapeleka Roma idadi ya waliomalizwa. Dola lenye ndege na gesi lilimwogopa mtu mwenye zeze, na nadhani halikukosea. Habari zilitembea kwa watu hao kweli.

Mei 1937 zamu ikawa ya Debre Libanos, monasteri kubwa ya Mtakatifu Tekle Haymanot, kaskazini mwa Addis Ababa. Abraha na Moges walikuwa wamepitia upande huo, na hilo lilitosha. Jenerali Pietro Maletti alikwenda wakati wa sikukuu, mahujaji wakiwa wamejaa, akawapakia watu kwenye malori na kwenda kuwapigia risasi kando. Taarifa za Waitaliano wenyewe zilitaja watawa 297 na baadaye mashemasi 129. Campbell anahesabu mara kadhaa ya hapo. Wauaji walichaguliwa kwa hila: askari Waislamu wa makoloni, ili damu ya watawa ionekane ni ugomvi wa dini. Abraha na Moges hawakuwako tena. Walikaa kwa muda na wapiganaji wa Shewa, kisha wakaelekea Sudan, wakauawa njiani bila kufika.

Kama kuna mtu mmoja aliyewaandikishia wazalendo wapiganaji wengi kuliko wote, ni Graziani. Mkulima wa jimbo la Gojjam ambaye mwaka 1936 alikuwa tayari kungoja aone, mwaka 1937 alisikia kwamba watawa wameuawa na bunduki zinakusanywa nyumba kwa nyumba. Kwa nyanda za juu za Ethiopia bunduki ilikuwa heshima ya mwanamume, na anayeitaka anaitaka nafsi. Uasi ulienea Gojjam, Begemder na Shewa. Belay Zeleke, asiyetoka nyumba ya ukubwa wowote, akajikuta anatawala mashariki ya Gojjam, anatoza kodi na kugawa vyeo. Huko Shewa aliongoza Abebe Aregai, aliyewahi kuwa mkuu wa polisi wa Addis Ababa. Kusini magharibi alikuwako Geresu Duki. Walifuga nywele, wakaziacha ziwe kichaka, na picha zao za namna hiyo ndizo zinazotundikwa kila tarehe 5 Mei, siku ya kuwakumbuka wazalendo.

Sasa tufikiri vita yenyewe ilivyoendeshwa, maana hapo ndipo karani wangu anapoingia.

Mpiganaji wa Shewa alikuwa na bunduki ya zamani, mara nyingi ile wujigra ya Kifaransa iliyokuwa imekwisha kuzeeka hata kabla ya Adwa. Risasi za bunduki hiyo hazikutengenezwa nchini. Zilikuwa adimu kiasi kwamba katika masoko ya vijijini risasi moja ilipokewa kama chenji. Msaada wa nje haukuwako. Uingereza na Ufaransa zilikuwa zikimbembeleza Mussolini asiungane na Hitler, na mwaka 1938 Uingereza ikautambua rasmi utawala wake juu ya Ethiopia. Basi risasi zitoke wapi? Palikuwa na stoo moja tu kubwa katika nchi nzima, nayo ilikuwa ya Waitaliano. Nyingine zilipatikana kwa kuvizia misafara, nyingine zililetwa na askari wa Eritrea waliotoroka, na nyingine zilinunuliwa au kuibwa mjini, chini ya pua ya mwenyewe.

Watu wa kazi hiyo Wahabeshi huwaita wust arbegnoch, wazalendo wa ndani. Walitoa risasi, dawa, nguo na chumvi. Walipata hati za kupitia vizuizini, halisi au za kughushi. Zaidi ya yote walitoa habari: msafara gani unatoka lini, unashika njia ipi, unasindikizwa na wangapi. Katika vita ya kuvizia, neno hilo moja ni robo ya ushindi. Mkalimani alilisikia bila hata kutega sikio. Miaka ya kazi hii imenifundisha kwamba wakubwa humsahau mkalimani akiwa mbele yao. Wakimaliza hotuba rasmi huanza kuzungumza kana kwamba hayumo chumbani. Makasisi nao walikuwa na sababu ya kusafiri kila sikukuu, na kalenda ya kanisa la Ethiopia haina uchache wa sikukuu.

Fedha pia ilikuwa na upande wake. Waitaliano walitaka kila mtu atumie lira za karatasi. Wenyeji walizishika kwa vidole viwili, wakang'ang'ania riale ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, ileile iliyotumika Unguja na pwani yetu katika karne ya 19. Mtu wa mjini aliyelipwa kwa lira ilimbidi atafute riale kabla ya kununua chochote kwa ajili ya porini, kwa kuwa muuza risasi hakutaka karatasi ya serikali inayoweza kuondoka kesho.

Waitaliano walisaidia bila kujua. Walikuwa wamepitisha sheria za ubaguzi wa rangi. Tangu Aprili 1937 Mtaliano aliyeishi kinyumba na mwanamke mwenyeji aliweza kufungwa hadi miaka mitano. Wakaugawa mji. Wenyeji waliondolewa Arada, soko la zamani, wakasogezwa magharibi kwenye mtaa mpya wa soko, na ndiyo Merkato ya leo, yenye vichochoro ambamo hata mwenyeji hupotea. Ukiwasukuma watu wote usiowapenda mahali pamoja, ukakataza wako wasichanganyike nao, umejinyima macho. Ni ukuta mzuri wa siri uliojengwa na adui kwa gharama yake.

Wanawake ndio waliobeba kazi hii kwa sehemu kubwa, na hapo majina machache yamebaki. Shewareged Gedle, mama wa ukoo mwenye mali, aliigeuza mali yake kuwa silaha na dawa za wapiganaji. Alikamatwa, akateswa, akasafirishwa hadi kisiwa cha Asinara, Italia, walikofungwa mamia ya wakubwa wa Ethiopia. Aliporudishwa nchini alianza upya alipoachia. Senedu Gebru, aliyesoma Ulaya, naye alipelekwa Asinara. Baada ya vita aliongoza shule ya wasichana na kuwa mwanamke wa kwanza kuingia bungeni. Kebedech Seyoum ni habari nyingine kabisa. Mumewe, Aberra Kassa, aliuawa na Waitaliano huko Fiche Desemba 1936 baada ya kujisalimisha kwa ahadi ya usalama. Mjane huyo akawashika watu wa mumewe akaingia nao vitani. Baba yake mzazi, Ras Seyoum Mengesha wa Tigray, wakati huo alikuwa amekwisha kusalimu amri na anaishi chini ya Waitaliano.

Nyumba moja, baba huku na binti kule. Wahabeshi wana neno kali la aliyejiunga na adui, banda, na mpaka leo ukimwita mtu hivyo jiandae kwa ngumi. Ila nikisoma habari za miaka ile naona kwamba watu wachache waliishi upande mmoja tu. Askari wa Kieritrea aliyechoma vijiji mwaka 1936 alitoroka na bunduki yake mwaka 1938. Abebe Aregai mwenyewe alifanya mazungumzo marefu na Jenerali Guglielmo Nasi, akijifanya yu tayari kusalimu amri, akapata nafasi ya kupumua na kulisha watu wake, kisha asisalimu. Aliyemwona akipokea wajumbe wa Mtaliano siku zile angemwitaje? Na Abraha Deboch je, asubuhi ya tarehe 18 Februari, akiwa mezani kwake ofisini? Angekufa usiku ule kwa homa, leo angehesabiwa miongoni mwa banda.

Wengine walitoka nchini. Maelfu walivuka kusini wakaingia Kenya, Waingereza wakawaweka kambini Isiolo, kisha Taveta, wakulima na askari watoro wa Eritrea pamoja. Vita vilipobadilika baadhi yao walipewa bunduki wakarudi. Kule London, Jomo Kenyatta alikuwa katibu wa chama cha Waafrika marafiki wa Uhabeshi kilichoongozwa na C. L. R. James, na Sylvia Pankhurst alianzisha gazeti la kuitetea Ethiopia siku zilezile mji wake ulipoanguka. Sudan ilikuwa dirisha la Gojjam: huko ndiko alikopitia Lorenzo Taezaz, Mueritrea msomi aliyetumwa na mfalme kwenda kwa siri kuwaona wapiganaji na kurudi na habari kwamba nchi haijafa.

Tarehe 10 Juni 1940 Mussolini aliingia vitani upande wa Hitler. Waingereza ambao jana walimsihi wakagundua ghafla kwamba Ethiopia ina wazalendo. Daniel Sandford aliingia Gojjam Agosti mwaka huo na ujumbe mdogo, Orde Wingate akafuata na kikosi alichokiita cha Gideoni, na tarehe 20 Januari 1941 Haile Selassie akavuka mpaka kutoka Sudan. Vitabu vya Kiingereza hupenda kumkuza Wingate, na kweli alikuwa mtu wa ajabu; Addis Ababa ina shule yenye jina lake. Ila alikuta nchi ambayo majeshi ya Kiitaliano yalikuwa yamejifungia ngomeni kwa miaka, yakiogopa kutoka bila msafara wa malori.

Kusini ndiko alikoingilia babu yangu mzaa mama. Alikuwa keya, yaani askari Mwafrika wa jeshi la Waingereza, kijana wa Tabora katika batalioni ya Tanganyika, ya sita. Walitoka Kenya, wakavuka mto Juba Februari 1941, na Mogadishu ikaanguka tarehe 25 mwezi huohuo. Kutoka hapo majeshi yale yalipanda Jijiga, Harar na Dire Dawa kwa mwendo ambao Waitaliano hawakuutarajia, na Addis Ababa ikachukuliwa tarehe 6 Aprili. Babu aliufikia mto Billate, mahali paitwapo Colito, ambako sajenti wa batalioni yake, Nigel Leakey, aliparamia vifaru kwa mikono na kuuawa tarehe 19 Mei. Alipewa nishani ya Victoria baada ya kufa. Mzee alipenda kutuambia wajukuu kwamba Uhabeshi ulikombolewa na watu wa Tabora. Akibanwa kidogo na bibi aliongeza kwamba, njiani, walikutana na watu wenye nywele kama vichaka waliokuwa tayari wamekwisha kukamata daraja, nao walitaka jambo moja tu, sigara.

Waitaliano walijua nani wa kumwogopa. Mjini Addis Ababa walingoja kwa hamu majeshi ya Uingereza yaingie, kwa hofu ya kile ambacho Wahabeshi wangewatendea kwa malipo ya Februari 1937. Malipo hayo hayakutokea. Mfalme, aliyeingia tarehe 5 Mei 1941, miaka mitano kamili baada ya Badoglio, aliwataka watu wake wasilipe ubaya kwa ubaya, na kwa kiasi kikubwa alisikilizwa. Wafungwa wa Kiitaliano walipelekwa Kenya, wakajenga barabara ya bondeni na kile kikanisa kidogo cha Mai Mahiu. Duke wa Aosta, aliyemrithi Graziani, alifia kifungoni Nairobi Machi 1942, na amezikwa Nyeri pamoja na askari wake.

Kisha kukaja kugawana heshima. Waliorudi na mfalme kutoka ng'ambo walikaa karibu na kiti. Wakubwa waliokuwa wametumikia Waitaliano walihitajika pia, kwa kuwa walijua kuendesha ofisi na walikuwa na watu nyuma yao. Ras Seyoum alirudi kutawala Tigray. Wapiganaji walipewa vyeo, wengine vidogo kuliko walivyojipa wenyewe porini. Belay Zeleke alipewa sehemu ya Gojjam aliyoiona ni matusi. Aliingia ugomvini na serikali, akakamatwa, na mwaka 1945 akanyongwa hadharani Addis Ababa. Alinyongwa pamoja na Mamo Hailu wa ukoo wa Ras Hailu, mkubwa aliyekuwa upande wa Waitaliano. Takele Wolde Hawariat alikaa akitoka na kuingia jela hadi alipokufa akipigana na polisi mwaka 1969. Abebe Aregai alipanda akawa Ras na waziri mkuu, na Desemba 1960, katika jaribio la mapinduzi, alipigwa risasi pamoja na mateka wengine ndani ya Genete Leul, kasri lilelile la mabomu. Mwaka uliofuata mfalme alilitoa jengo liwe chuo kikuu.

Watu wa ndani hawakupanda wala hawakunyongwa, isipokuwa wale wachache wenye ukoo. Mpiganaji ana kundi la kumshuhudia; mtunza stoo aliyepunguza masanduku kwa miaka minne alikuwa na kila sababu ya kutokuwa na shahidi. Jirani zake walimwona akiingia kwa Mtaliano asubuhi na kutoka jioni, na walichokiona ndicho walichokisimulia.

Graziani aliishi hadi mwaka 1955. Ethiopia ilipeleka jina lake na la Badoglio kwa tume ya Umoja wa Mataifa ya uhalifu wa kivita, lakini hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa gesi, wala kwa Addis Ababa, wala kwa Debre Libanos. Mahakama iliyomtia hatiani ilikuwa ya Waitaliano wenyewe, mwaka 1950. Shitaka lilikuwa kwamba aliwatumikia Wajerumani walipoikalia Italia. Alihukumiwa miaka 19, akatoka baada ya miezi michache, na mwaka 2012 mji wa Affile ukamjengea mnara kwa fedha za umma.